Mwalimu Asiye na Mume

Walikutana mwaka 1996 dukani kwa Gulamali, Shinyanga mjini, kwenye foleni ya simu. Mwalimu Mbuke alivaa gauni la njano lenye mabega ya kuvimba. Bujiku, dereva wa lori la pamba, akampisha mbele ili tu amsikie akiongea. Mwaka haukuisha, wakawa wapenzi.

Siku moja Bujiku alirudi safari akamkuta Mbuke hotelini na Donatus, katibu wa chama cha walimu, suruali imenyooshwa, kiatu kinang'aa. Walikuwa wanacheka. Wivu ukampanda hadi masikio yakawa ya moto. Akaondoka bila salamu.

Kesho yake akapiga simu dukani kutoka Kahama, Gulamali akamwita Mbuke.

"Nasikia unahamia Masumbwe."

"Ndiyo, mpenzi. Mwezi ujao."

"Kwenye wachimba dhahabu! Donatus ndiye kakupangia, eti? Akija kukagua tawi akukute!"

"Bujiku, una wazimu?"

"Nina macho."

Mbuke akakata simu. Mimi ningekata mapema zaidi.

Bujiku aliporudi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Donatus, ngumi tayari.

"Ndugu yangu, mimi namzuia asiende!" Donatus alishangaa. "Makubaliano yetu na mwajiri yako wazi: mwalimu aliyeolewa hatenganishwi na mumewe. Wasio na waume ndio wanaoanza kupelekwa machimboni. Nikamwambia, mwambie mchumba wako mfunge ndoa upesi. Akacheka, akasema bora Masumbwe."

Bujiku alimkuta Mbuke akifunga vyombo.

"Nisamehe, mpenzi. Tufunge ndoa wiki hii, ubaki."

"Yaya," alikataa kwa Kisukuma. "Sitaki kuolewa ili nisihamishwe. Siku tukigombana utaniambia nilikuwa natafuta kituo, si mume."

"Na nikikuoa huko?"

"Huko hakuna kuhama kabla ya miaka mitatu, uwe na mume, usiwe naye."

Bujiku alinuna, lakini kitanda cha Mbuke alikipakia mwenyewe kwenye lori. Njia nzima alimkodolea macho kila mwanamume mwenye buti la tope. Walipofika Masumbwe, wachimbaji wakaja kusaidia kushusha, wote wanamtazama mwalimu mpya. Bujiku akashindwa kuvumilia.

"Mbuke!" alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nakupenda. Utaolewa na mimi?"

Mbuke alitabasamu, machozi yakimlengalenga.

"Nitaolewa. Na kesho utarudi Shinyanga peke yako."