Kivuko Kisicho na Rangi

Kituo cha basi kilikuwa mbele ya nyumba ya Eufemia Lázaro, ng'ambo ya barabara. Akifungua mlango aliweza kuona nani amekaa kwenye benchi. Hata hivyo, kila asubuhi alikipa kituo kile mgongo. Alitembea mpaka kwenye taa za barabarani, mbali, karibu na kituo cha mafuta. Akavuka hapo. Kisha akarudi upande wa pili mpaka kwenye benchi lile lile. Goti lake lilikuwa bovu, na mara nyingi basi lilimpita akiwa bado njiani.

"Basi tena?" msimamizi wa kiwanda cha kushona alimuuliza siku moja. "Kila mtu hapa Los Angeles anapanda basi. Mbona la kwako tu ndilo linalokukimbia?"

Eufemia alivuta kiti chake. Alikaa kwenye cherehani yake akainamisha kichwa.

Angeanzia wapi kueleza? Mumewe, Donaciano, alifia kwenye barabara ile. Alikuwa anarudi kutoka dukani na unga wa mahindi wa kupikia tamale. Alivuka kwenye kona, pale barabara ndogo ya kando ya nyumba yao inapokutana na ile kubwa. Gari likaja kwa kasi. Unga ulimwagika mpaka kwenye mtaro.

Askari alimkuta Eufemia hospitali. "Pole, mama," alisema. "Lakini mumeo alivuka mahali pasipo na kivuko. Dereva hana kosa."

Eufemia aliitikia kwa kichwa. Mtu aliyevaa sare alikuwa amesema. Yeye ni nani abishe?

Baada ya mazishi alijaribu mara moja kuvuka pale pale. Askari mwingine akamsimamisha mbele ya majirani, akamwandikia faini. "Unataka kufa?" alimuuliza. Tangu siku ile Eufemia alikwenda kwenye taa.

Nyumbani walibaki wawili, yeye na binti yake Citlali, aliyekuwa anasomea uuguzi. Picha ya Donaciano ilikuwa sebuleni. Citlali aliigeuza ikatazama ukuta. Mama akaigeuza tena. Ikawa hivyo wiki nzima.

"Mwache baba yako atutazame," Eufemia alisema hatimaye.

"Atutazame nini? Angetembea kidogo tu mpaka kwenye taa, angekuwa hai. Alituacha kwa sababu ya uvivu."

"Citlali."

"Kila mtu anasema hivyo, mama. Mimi nasema kwa sauti tu."

Eufemia aliingia jikoni akafungua bomba, maji yakatiririka bure. Alikuwa amewaza maneno yale yale mara nyingi, na aliona aibu kuyasikia yakitoka nje ya kichwa chake. Usiku alimlilia mumewe, na mchana alimkasirikia. Hakujua afanye lipi.

Mwaka uliofuata mwanamke mmoja akahamia nyumba ya jirani. Aliitwa Lorraine Tibbs. Alikuwa amefundisha udereva mpaka akastaafu, na Kihispania, lugha ya akina Eufemia, alikiokota kwa wanafunzi wake, matusi yakiwamo. Asubuhi alikunywa kahawa kibarazani, akamwona Eufemia akienda, kisha akamwona tena akitokea ng'ambo.

"Jirani," alimwita jioni moja, "unafanya mazoezi au umepoteza kitu huko kwenye taa?"

"Nafuata kivuko."

"Kivuko kiko hapa mbele yako."

Eufemia alitazama barabara. Ilikuwa lami tupu. "Bibi Lorraine, usinifanyie mzaha. Mume wangu alifia hapo."

Lorraine aliweka kikombe chini. "Sikujua. Nisamehe. Alikuwa anavukia wapi hasa? Nionyeshe."

Eufemia alinyoosha kidole kwenye kona.

Lorraine aliitazama kona ile, na njia ya miguu pande zote mbili. Kisha akasema polepole, "Nisikilize vizuri. Hapa Kalifornia, barabara mbili zikikutana namna hii, na kuna njia ya miguu, basi pana kivuko. Ni kama njia ya miguu inaendelea mpaka ng'ambo. Hata kama hawajachora rangi, kivuko kipo. Dereva lazima ampishe mtu anayevuka. Wanafunzi wangu walikosea swali hili kila mara. Na kumbe askari nao wanalikosea."

"Lakini mtu akijitupa ghafla mbele ya gari?"

"Hilo ni kosa lake. Sheria haimruhusu kujitupa. Mumeo alijitupa?"

"Alikuwa na mfuko wa unga begani. Mtu wa mfuko begani anajitupaje?"

"Basi alikuwa na haki, jirani."

Lorraine alitarajia kuona uso wake ukichangamka. Badala yake Eufemia alikaa chini kwenye ngazi.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima nimemwita mjinga kaburini."

Lorraine alikaa karibu naye. Akaendelea na lile alilolijua. "Na tangu Januari hii kuna sheria mpya. Ukivuka hata katikati ya barabara, mbali na kona, askari haruhusiwi kukusimamisha kwa hilo tu. Labda kama gari liko karibu kiasi kwamba mtu yeyote mwangalifu angeona hatari ya kugongwa. Lakini usidanganyike. Katikati ya barabara wewe ndiye unayepisha magari. Kwenye kona magari ndiyo yanakupisha wewe. Na popote ulipo, tazama kwanza. Sheria haina breki."

Usiku ule Eufemia alimweleza binti yake yote. Citlali alisikiliza akiwa amesimama. Alikwenda sebuleni, akaishika picha ya baba yake, akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Walikwenda kituo cha polisi wote watatu. Ofisa wa mapokezi alikuwa mpole. Alisema kesi ilishafungwa. Wangeweza kuandika maelezo yao yakawekwa kwenye faili.

"Na dereva?" Citlali aliuliza.

"Faili imefungwa, dada."

"Baba yangu naye amefungwa kaburini. Yeye nani atamfungulia?"

Ofisa aliwasogezea karatasi na kalamu. Waliandika maelezo, wakaondoka.

Lorraine akasema bado kuna jambo la kufanya: kuiomba halmashauri ya jiji ichore kona ile, ili dereva asiyeijua sheria aione kwa macho. Walipita nyumba kwa nyumba. Wengine walitia saini. Wengine walisema, "Watu wavuke kwenye taa, si hao wenyewe wanajitakia?" Kila mara Eufemia alieleza upya, na kila mara ilimbidi ataje jinsi Donaciano alivyokufa. Alirudi nyumbani akiwa ameishiwa nguvu.

Jiji lilijibu kwamba litachunguza. Miezi ikapita. Wakati bado linachunguza, mzee mmoja aligongwa kwenye kona ile ile, akavunjika nyonga. Hapo ndipo wachoraji walipokuja. Walichora mistari mipana myeupe na kusimamisha kibao cha njano.

Asubuhi iliyofuata Eufemia na Citlali walisimama ukingoni. Eufemia alitazama kushoto, akatazama kulia. Gari moja lilipita bila kupunguza mwendo, kana kwamba rangi haikuwepo. La pili likapunguza, likasimama. La upande wa pili nalo likasimama.

"Twende, mama."

Walivuka. Walipofika katikati, Citlali aliinua mkono kumshukuru dereva. Eufemia aliushika mkono ule akaushusha.

"Unamshukuru nini?"

"Amesimama, mama."

"Ndivyo sheria inavyotaka. Yule aliyemgonga baba yako naye angesimama tu. Hatukumtaka zaidi ya hapo."

Walifika ng'ambo. Magari yakaendelea na safari. Basi lilikuwa bado halijaja. Eufemia alikaa kwenye benchi, akalipumzisha goti, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa na muda wa kutosha wa kulia kabla ya kwenda kazini.