Chumvi ya Mama Serge

Apa kwanza. Lamba kidole, uinue juu, useme habari hii haitatoka kwa kinywa chako. Vile tu Mama Serge alimuapisha Godelive kwenye robinet, bomba la maji la mutaa wa Nyakasanza, na mbele ya bidon ya Godelive kujaa, mustari wote wa wamama ulikuwa umeshajua. Basi na weye sikia.

Ilianza na chumvi. Mama Serge, jina lake Clémence, alinunua chumvi siku ya soko, na mbele ya sombe, majani ya muhogo, kuiva, kikopo kilikuwa kitupu. Akanunua tena, ikaisha tena. Akamuwaza Falone, mupangaji wa chumba cha nyuma, juu Falone ni kijana, anajua kujipaka mafuta, na anacheka sana kila Adrien akipita. Kwa Clémence, mwanamuke anayemuchekea bwana yako hawezi kukosa kukuibia chumvi.

Adrien ndiye bwana yake. Bunduki zilipotulia kidogo, na watu wakarudi mutoni bila kuamini sana, alikuwa muzamiaji wa zahabu: anashuka chini na mupira wa hewa kwa kinywa, kamba imefungwa kwa kiuno. Kwa kazi ile, kamba haishikwi na mutu yeyote tu. Wengine wanapatia ndugu yao. Adrien alimupatia muke wake, akasema duniani iko mutu mumoja tu anayejua uzito wake. Kuvuta mara mbili: nipandishe. Lakini moja ndefu na mbili fupi, hiyo haikuwa ya kazi. Ilikuwa yao wawili: niko huku chini, ninakuwaza. Clémence alikuwa anaisikia kwa mikono, anacheka peke yake kando ya maji machafu, watu wanamuuliza iko nini.

Kisha Assani, muuza vitenge, akamupeleka Adrien pwani kuchukua bidhaa. Kule wakaona anajua kuzama, wakamuvalisha chupa ya hewa mugongoni, wakashuka naye baharini. Alirudi mutu mwingine. Kila jioni hadithi ni ile ile: wanyama wa maji wakubwa kama ndama, wenyeji wanawaita pomboo, walikuja wenyewe bila kuitwa, wakamuzunguka wanacheza. Na mumoja, jike, akaweka pua kwa kifua chake.

"Alinitazama kama mutu," alikuwa anasema, na sauti yake inalainika.

Siku moja Clémence akauliza, anachambua muchele, hainui kichwa: "Na kamba? Kule nani alishika kamba yako?"

"Kule hakuna kamba. Nilipochoka, yeye ndiye alinipandisha."

Mawe yalibaki ndani ya muchele ule. Watoto waliyatafuna.

Tangu siku ile pipa la bafuni likaanza kunuka harufu ambayo Bunia, mbali na bahari, haina: chumvi, samaki mubichi, na juu yake kitu kitamu, kama marashi ya bibi arusi. Kamba ya zamani, iliyotundikwa nyuma ya mulango tangu waache kazi ya muto, Clémence akaikuta imelowana. Na alasiri moja ya mvua, wakati mabati yanalia na hawezi kusikia hata watoto wake, alisikia muluzi mwembamba ukitoka bafuni, ukipanda, ukishuka, ukinyamaza kama unangoja jibu, na kutoka chumbani, kwa sauti ya chini sana, bwana yake akajibu.

Akamuita Assani, anayejua dua kidogo. Assani akaonja maji ya pipa, akatema.

"Mama Serge," akanong'ona, "huyu si samaki. Ni jini la bahari, lilimufuata bwana yako. Lakini maji matamu yanalichosha. Mwaga haya, jaza ya kisima, na isiingie chumvi hata punje. Litarudi kwao."

Wakamwaga, wakajaza, Assani akasoma. Asubuhi maji yalikuwa ya chumvi tena, na kikopo cha jikoni kitupu.

Sasa Clémence hakujua amuchukie nani zaidi, yule wa ndani ya pipa ao yule anayemulisha. Jumapili, watu wakitoka misa, akaita parcelle nzima, wote wa kiwanja chao, akamusimamisha Falone katikati, akamwambia aape mbele ya wote.

Falone alikuwa analia. "Mama Serge, chumvi yako nifanye nayo nini? Miye ninakula kwa dada yangu."

"Hauili. Unalisha nayo."

Muluzi ukatoka bafuni.

Watu wakageuka kuangalia bafu. Falone alikuwa pale, mbele ya macho yao. Clémence akaangalia nyuso, moja moja, aone nani anakosekana, na alipojua, miguu yake ilikwenda kabla yeye hajaiambia, akapita katikati ya watu, akavuta bati la bafu mpaka likang'oka, na wote wakaona: Adrien amepiga magoti kando ya pipa, mukono mweupe wa chumvi mpaka kwa kiwiko, kamba ya muto imefungwa kwa kiuno chake, na ile kamba inaingia ndani ya maji, inashuka, inaendelea kushuka, kwa pipa lisilofika hata kifuani kwa mutoto.

Clémence akaishika. Mikono yake ilijua uzito ule haukuwa wa bwana yake.

Kamba ikakaza. Ikavuta moja ndefu. Kisha mbili fupi.

"Papa Serge," akasema polepole, na kila mutu alisikia. "Hata hiyo ulimufundisha?"