Sauti Zilizobaki kwa Masikio

Nilipita pale jua likizama, nikitoka kazini, kwa nia ya kukaa saa moja tu. Mjane wa rafiki yangu alikuwa amenipigia simu mara tatu wiki hiyo. Kompyuta ya marehemu imejaa takataka, alisema, na yeye hajui aanzie wapi.

"Njoo unipangie zile plagini zake, shemeji."

Nilikuwa nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha. Tangu asubuhi nilikuwa nasafisha rekodi za tangazo la sabuni, sauti ileile ikirudia neno lilelile, mpaka nikahisi nimezibwa pamba masikioni. Na nyumbani kulikuwa na ukimya unaningoja. Mke wangu alikuwa mwimbaji. Miaka miwili nyuma aliamka asubuhi moja, akafungua kinywa, ikatoka hewa tu. Madaktari wanne walimmulika koo. Wote walisema koo ni zima.

Rafiki yangu tulimwita Masikio, kwa sababu alikuwa anasikia kosa ambalo mashine yenyewe haikulisikia. Alikuwa prodyuza. Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yao: meza, spika mbili, kompyuta, na kibanda cha kurekodia chenye kioo, kikubwa kama kabati la nguo. Alikufa ghafla miezi mitano kabla ya jioni ile, kichwa chake kikiwa juu ya meza hiyohiyo.

Mjane alinifungulia, akaniwekea chai, akakaa kwenye kiti nyuma yangu. Hakutoka.

"Utachoka kunitazama, shemeji," nikamtania.

"Nimeshachoka zamani. Wewe panga."

Nikapanga. Plagini ni viprogramu vidogo unavyochomeka ndani ya programu ya muziki: hiki kinaipa sauti mwangwi, kile kinainyoosha, kingine kinaikaza. Masikio alikuwa navyo mia nne na zaidi, vimetupwa hovyo kama nguo zinazosubiri kufuliwa. Nikatengeneza folda ya mwangwi, folda ya ngoma, folda ya waimbaji. Vilivyojirudia nikavifuta. Kazi ya kidole kimoja, isiyotaka akili, na kwa hali niliyokuwa nayo ilikuwa karibu na starehe.

Kisha nikakutana na kimoja kisicho na mtengenezaji wala picha. Jina tu: PUMZI.

Nikakifuta.

Nilipofungua folda ya ngoma, kilikuwa humo. Nikakifuta tena. Kikatokea kwenye mwangwi. Nikafikicha macho, nikakitafuta kwa jina. Kilikuwa katika kila folda niliyoitengeneza jioni ile... juu kabisa ya orodha.

Chumba kikaanza kunuka. Harufu ya kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu.

"Shemeji," nikasema bila kugeuka, "hiki ni nini?"

Akasogeza kiti chake karibu.

Kisha akanong'ona: "Kifungue."

Ndani yake kulikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha, na chini yake orodha. Orodha za namna hiyo huwa na majina ya kumbi: ukumbi mdogo, ukumbi mkubwa, kanisa. Hii ilikuwa na watu. Mwalimu wa kwaya. Dada wa duka la vitambaa. Kinyozi. Huyo kinyozi namjua. Zamani alikuwa akinyoa huku anaimba. Siku hizi ananyoa kimya, nami sikuwahi kumuuliza kulikoni.

Wa saba aliandikwa: Mke wa rafiki.

Kidole kilibofya kabla sijakiruhusu.

Spika zikavuta pumzi.

"Mume wangu...? Uko hapo? Huku kunabana..."

Haikuwa rekodi. Nimekaa na rekodi miaka kumi na tisa, nazijua. Hii ilinyamaza, ikasubiri nijibu.

Nikageuka. Mjane alikuwa analia, mikono mapajani.

"Nilijua yumo," akasema. "Ndiyo maana nilikuita wewe, sikumwita mwingine."

"Masikio alizipataje hizi sauti?"

"Kuna mtu alimletea hicho kitu kwenye flashi. Alikuja mara moja tu. Hakukaa, hakunywa hata maji. Mume wangu akafurahi, akasema sasa nyimbo zake zitakuwa na uhai. Mwanzoni hakujua kwamba kinawanyang'anya watu sauti zao, shemeji, naapa. Baadaye alijua... akaendelea."

"Na wewe?"

"Na mimi nilijua."

Alilisema polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo mzito.

"Sasa kupanga kwa nini? Si ungeivunjilia mbali hii kompyuta?"

Akanyoosha kidole mpaka mwisho wa orodha. Jina la mwisho lilikuwa Masikio.

"Kila jioni nakuja kumsikiliza. Lakini vitu vimejaa humo, simpati. Juzi nimemtafuta mpaka macho yakaniuma. Nilitaka umweke mahali nitakapomwona haraka."

Ningeweza kumtukana. Sikuwa na nguvu hiyo.

"Mke wangu namtoa," nikasema. Nikachagua jina lake, nikabonyeza kufuta.

Kikatokea kiboksi cheupe katikati ya skrini.

Nafasi haiwezi kubaki tupu.

Nyuma ya kioo, taa nyekundu ya kurekodia ikawaka. Hakuna aliyeigusa.

Nikasimama. Nitasema ukweli: sikusukumwa na ushujaa. Nilikitazama kile kibanda, giza lake, sponji laini ukutani, nikakiona kama mahali pa kupumzikia. Kuacha kusema. Kuacha kusikiliza. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango nilipohisi mkono begani.

"Kaa, shemeji," mjane akanong'ona. "Wewe una mtu wa kuongea naye nyumbani."

"Shemeji, usi..."

Akanipita, akaingia, akafunga.

Nikamwona kupitia kioo akisogeza midomo karibu na maiki. Maneno machache tu. Sikuyasikia. Taa ikazimika.

Nikarudi kwenye skrini. Mke wa rafiki hakuwemo tena. Lakini chini ya Masikio kulikuwa na jina jipya: Mke wangu.

Nikadhani ni wangu, amerudishwa humo. Kisha nikaelewa ni nani aliyeandika: Masikio mwenyewe.

Mjane alitoka akitabasamu. Akafungua kinywa kuniaga, ikatoka hewa. Hakushtuka. Akavaa hedifoni, akakaa kwenye kiti changu, akaniashiria niende. Nikiwa mlangoni nilisikia zikivuja kutoka kwenye zile hedifoni, chini kwa chini... sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, zikizungumza kama watu walio kitandani.

Nilipofika nyumbani sikuwahi hata kuvua viatu.

"Umechelewa," mke wangu akasema kutoka jikoni, kisha akaangusha sufuria kwa mshtuko wa kusikia sauti yake mwenyewe.

Tulilia wote wawili, tumekaa sakafuni.

Hiyo ni miezi miwili sasa. Anaimba tena. Majirani wanasimama dirishani kumsikiliza, na wanasema sauti imerudi tamu kuliko mwanzo. Sijamwambia ni nani aliyelipa. Kwa kinyozi sipiti tena. Nimetafuta mwingine, mbali, na sijivunii hilo. Kwa mjane nilikwenda mara mbili. Mlango haukufunguliwa, ingawa kwa ndani nilisikia kiti kikisogezwa.

Kuna jambo moja zaidi, na nadhani ni mimi tu ninayeliona, kwa sababu ya kazi yangu. Ni dogo sana. Mtu mwingine asingeligundua.

Jana, baada ya kula, mke wangu alinitazama akanionea huruma. Nikasikia sauti yake: "Nenda ulale, mume wangu, umechoka."

Ndipo akafungua kinywa.