Mkono wa Kulia, Ghuba ya Abu Qir

"Mwewe, usifanye lolote. Boti ya doria iko njiani."

Hazim, jina la kazi Mwewe, alisikia kila neno la wakuu wake kwenye kidude kilichofichwa sikioni. Kujibu hakuweza. Kipaza sauti chake wauza magendo walikitupa baharini, na kila mkono wake ulikuwa na pingu yake kwenye chuma cha winchi, mtambo wa kuvutia mizigo wa boti yao.

Jasusi mzima, kafungwa kama mbuzi wa Idi!

Chini yao, kwenye matope ya ghuba, ulilala mji wa kale wa Thonis, uliozama zamani. Na huko huko alikuwa Sabri, kaka yake, mzamiaji waliyemteka awafungie kamba sanamu ya mungu mke. Alipumua kwa mpira uliotoka kwenye kompresa, mashine ya hewa iliyokuwa juu ya boti.

Kando ya kompresa hiyo, ukingo wa pili wa boti, alisimama Verhulst, bwana mkubwa wa magendo. Bastola ya Beretta kiunoni.

"Sanamu ikipanda, nazima hewa," alisema. "Shahidi wa nini?"

Hazim alivuta pingu mpaka damu ikamtoka. Breki ya winchi ilikuwa pale pale, karibu na kiwiko cha kulia. Haifikiki.

Winchi ikanguruma. Boti ikalala upande. Kichwa cha ile sanamu ya jiwe kikachungulia majini.

Ndipo adhana ya magharibi ikasikika kutoka Abu Qir.

Winchi ikazimwa.

"Nini tena?" Verhulst akafoka.

"Ramadhani, bwana," akajibu Usta Bayumi, fundi winchi. "Jiwe limengoja miaka yote hiyo, lingoje na sisi tufuturu."

Walinzi wakaweka Kalashnikov kando, wakaketi kula. Bayumi akamjia Hazim na tende.

"Futuru, mwanangu."

"Kwa mkono upi, Usta?"

Bayumi akaguna. Akamnyooshea mlinzi kiganja. "Lete ufunguo."

"Bayumi! Usithubutu!" Verhulst akapaza sauti.

"Mambo yenu ni yenu, bwana. Ila mtu kafunga kutwa, nile mbele yake yeye anameza mate? Nitamjibu nini Mola wangu?"

Akafungua mkono wa kulia. Huo tu.

Hazim alikula tende. Haikuwa na ladha. Sabri ndiye aliyemfundisha kuzamia: usikae chini ya jiwe linaloning'inia. Je, leo mwenyewe kakaa wapi? Hakuna wa kumuuliza.

Ya Rabi, awe pembeni.

Akavuta breki, ikaachia.

Jiwe likaporomoka. Boti ikabinukia upande wa pili, na Verhulst akaenda majini miguu juu, Beretta na yeye.

King'ora. Doria hao! Walinzi wakainua mikono, midomo imejaa tende.

Bayumi alipomfungua pingu ya pili, Hazim aliurukia mpira wa hewa. Akauvuta kumwita Sabri. Haukuvutwa kutoka chini. Akauvuta tena.

"Nimemuua," alisema. "Usta, nimemuua kaka yangu."

Kompresa iliendelea kusukuma hewa.

Kisha mpira ukamvuta yeye.

Sabri aliibuka akikohoa. "Mpumbavu gani kaliachia jiwe?"

"Mimi."

"Nilijua! Tangu utotoni hushiki kitu kisikuponyoke."

Hazim alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akamwinamia, akamtia tende mdomoni. "Futuru kwanza. Matusi baadaye."

Ofisa wa doria akampa redio.

"Mwewe, sanamu iko wapi?"

"Imerudi kwao."

Akavukia boti ya doria taratibu, bila kugeuka. Mkono wa kulia, ule uliovuta breki, aliuficha mfukoni.