Kosa la Chumvi

Kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi wanne wa Gredi ya Tisa katika shule moja ya Rangwe walibaki darasani kufundishwa na mwenzao, Lynnet. Lynnet aliweza kukariri elementi ishirini za kwanza za jedwali bila kusita, kuanzia haidrojeni hadi kalisiamu. Ndiyo maana Madam Filister, mwalimu wao wa Sayansi, alimteua awasaidie waliobaki nyuma.

Lakini kukariri si kuelewa. Siku mmoja wao, Joash, alipouliza atomi huunganaje, Lynnet hakujua, akaona haya kukiri.

"Hugawana elektroni," alijibu kwa sauti ya kujiamini.

"Hata za chumvi?" mwenzake Sumayya aliuliza.

"Zote! Andikeni."

Wakaandika.

Jumapili, akijisomea nyumbani, Lynnet aliona kosa lake. Atomi za maji hugawana elektroni, lakini katika chumvi, sodiamu huipa klorini elektroni moja. Moyo ulimwambia awaeleze wenzake. Hakuwaeleza. Alijipa matumaini kwamba swali hilo halingetokea kwenye mtihani.

Lilitokea, tena likabeba alama nyingi. Lynnet alilipata. Wenzake wote wanne walilikosa.

"Mwenzenu aliyewafundisha amepata, nyinyi mmekosa," Madam Filister alisema kwa hasira. "Basi hamkumsikiliza. Ijumaa wengine wakienda ziara ya kisiwa cha Rusinga, nyinyi mtabaki hapa."

"Madam, tulimsikiliza," Joash alisema.

"Kaa chini!"

Joash aliketi, machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameshaazima viatu vya kaka yake kwa ajili ya ziara hiyo. Sumayya alimgeukia Lynnet, akamtazama tu.

Lynnet alihisi kuta za darasa zikimsogelea. Akisema, atavuliwa heshima mbele ya darasa zima. Akinyamaza, wenzake watabeba adhabu yake. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama karatasi yake yenye alama nzuri. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Madam," alisema hatimaye, akasimama. "Walinisikiliza. Mimi ndiye niliyewafundisha uongo. Baadaye niliujua ukweli, nikaogopa kuwaambia."

Madam Filister alimpa chaki.

"Wafundishe sasa. Mimi nitakaa na wanafunzi."

Lynnet alichora sodiamu yenye elektroni moja kwenye mzingo wa nje, na klorini yenye saba. Akafuta ile moja, akaichora upande wa klorini.

"Sasa klorini ina nane," alisema.

"Kwa nini zisiachane baada ya hapo?" Joash aliuliza.

Lynnet alitazama ubao. "Hapo sijui. Madam, tusaidie."

Madam Filister alisimama akitabasamu. "Sodiamu ikitoa elektroni hubaki na chaji chanya. Klorini ikiipokea huwa na chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, ndiyo maana hazitengani."

Joash na wenzake walirudia swali lile siku hiyohiyo, wote wakalipata. Adhabu ikafutwa.

Lynnet alipowaomba wenzake msamaha, Joash alinuna kidogo, kisha akamwambia, "Lakini usitufanyie hivyo tena."

Walipokuwa wakitoka, Madam Filister alimshika Lynnet bega.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "nami nilikosea kuwahukumu kabla ya kuwasikiliza. Mficha uchi hazai. Usipojua, sema hujui, maana ukificha ujinga wako, huwapoteza hata wanaokuamini."