Madaftari Manne ya Bi Zulmira

Rafu iliyo juu ya redio ilikuwa tupu, na Mtakatifu Antonio wa udongo alikuwa amegeuzwa uso ukutani.

Inspekta Idalina Vasques aliyaona yote mawili kabla hajavua miwani ya jua. Alisimama katikati ya jiko dogo, ghorofa ya pili, kwenye kichochoro cha ngazi katika mtaa wa Alfama, akasubiri Bi Zulmira Quaresma amalize kumkaripia.

"Nimepiga simu saa nne. Sasa ni saa tano kasorobo."

"Kulikuwa na mtalii amelala juu ya reli ya tramu apigwe picha, mama."

"Si nimeliandika hilo? Ukurasa wa nane. Na sasa nani atausoma?"

Huo ndio uliokuwa wizi wenyewe. Pesa zilikuwepo kwenye kopo la kahawa, cheni ya dhahabu ilikuwepo msumarini. Kilichochukuliwa ni madaftari.

Kituo kingine kingecheka na kukata simu. Kituo cha Idalina hakikuthubutu. Kwa miaka arobaini na minne Bi Zulmira alikuwa mwongoza wageni wa jiji la Lisbon, na kila mgeni aliyeibiwa pochi mbele yake alimleta kituoni mwenyewe, amemshika mkono, akakaa naye mpaka maelezo yakaandikwa. Hakuna askari pale ambaye hakuwahi kuambiwa na yeye akae wima.

Alipostaafu alianza kuandika. Daftari moja la mawaidha kwa wageni, miaka tisa. Vaa viatu vya soli ya mpira, mawe ya hapa yanateleza hata bila mvua. Mkate na zeituni vinavyowekwa mezani hujaviagiza si zawadi. Kama huli, virudishe. Usile mahali ambapo mtu amesimama mlangoni akikuita. Usipande tramu namba ishirini na nane saa nne asubuhi. Panda saa moja, ukiwa na wauza samaki. Mrehani wa sikukuu usiutie pua, utanyauka. Uguse kwa kiganja, kisha unuse kiganja.

Baraza la kata liliahidi kulipiga chapa na kuligawa kwa wageni. Daftari lilipaswa kuwafikia Ijumaa. Leo ilikuwa Jumanne, na Jumamosi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Antonio mwenyewe.

"Tuanze mwanzo," Idalina alisema. "Ulitoka saa ngapi?"

Alitoka saa tatu kwenda Misa. Alirudi saa nne kasorobo. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Ufunguo ulining'inia kwa uzi nyuma ya tundu la barua, kama siku zote. Nani anajua habari za uzi huo? Ngazi nzima. Alama za vidole kwenye mlango? Za ngazi nzima.

"Umesema madaftari. Siyo daftari?"

"Manne. Yote meusi, nilinunua pamoja. Moja la wageni. Moja la namba za simu. Moja naandikia mita ya umeme. Moja la mishono ya masweta."

"Utajuaje lipi ni lipi?"

Bi Zulmira alimtazama kama mtoto mgumu wa kuelewa. "Nimeandika juu ya jalada, mwanangu. Herufi kubwa hivi. WAGENI."

Idalina aliandika kwenye kijitabu chake: *Mishono ya masweta?* Akaipigia mstari.

Ndipo Celeste wa ghorofa ya kwanza alipoingia bila kubisha, gazeti mkononi, kidole bado kwenye ukurasa wa nyota. Yeye hakuwa na desturi ya kumsingizia mtu, alisema. Lakini kulikuwa na Mholanzi aliyepanga chumba cha juu, ana ufunguo wake, na ndiye angeanza leo kulichapa daftari kwenye kompyuta. Kesho kutwa anapanda ndege. Hayo yeye ameyasema tu, polisi wafanye hesabu.

"Nyota zako zinasemaje leo?" Idalina alimuuliza.

"Nisiingilie mambo ya watu." Celeste alikunja gazeti. "Lakini hizi za Jumanne haziaminiki."

Mholanzi aliitwa. Alikuwa kijana mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni, jina lake Wouter. Kireno chake kilikuwa kizuri kuliko cha watalii wote ambao Idalina aliwahoji mwaka huo.

"Ulikuwa wapi saa tatu na nusu?"

"Nafua. Kule kwenye mashine za sarafu."

"Nani alikuona?"

"Mama mmoja aliyeniambia natia sabuni nyingi. Halafu mwingine akaja akasema ni kidogo."

"Daftari la wageni unalijua?"

"Limeandikwa juu."

"Nani amemgeuza huyu?" Idalina alionyesha sanamu bila kuitazama.

Wouter aliitazama kwa makini. "Si ndivyo anavyokaa?"

Celeste alicheka kwa pua. Bi Zulmira alifunga macho kwa uchungu. Idalina akamwambia kijana akae, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

Mtaa ule kila mtu anajua kazi ya Antonio. Kitu kikipotea, anaombwa akitafute. Akizembea, anageuzwa uso ukutani mpaka akipate.

"Mama, umeshamwadhibu?"

"Sijamgusa. Polisi kwanza, yeye baadaye."

"Asubuhi alikuwa anatazama wapi?"

"Anatazama jiko, kama siku zote. Nilimuaga wakati natoka."

Basi amegeuzwa na mwizi. Amegeuzwa kabla kitu hakijapotea, ili asione. Idalina alitaka kucheka, akajizuia. Mgeni asingefanya hivyo. Mwizi wa kazi angeichukua na sanamu akaiuze sokoni Jumamosi. Huyu alikuwa mtu wa ngazi hizi hizi, mwenye imani na mwenye haya.

"Nani alijua kuwa daftari linakwenda kupigwa chapa?"

"Hawa wawili. Na Abílio wa chini. Basi."

Idalina aliwatoa wale wawili nje, akafunga mlango. Yeye ni mama wa watoto watatu na hana subira ya kuzunguka. Alimwambia Bi Zulmira wazi: atalitafuta, lakini kama amelichoma mtu, basi itabidi aliandike upya. Kichwa anacho. Wiki mbili, tatu, litakwisha.

Bi Zulmira alifungua mlango wa kabati la vyombo. Upande wa ndani ulijaa vikaratasi vilivyobandikwa kwa gundi. *Zima gesi. Jumanne, Misa. Mtoto wa Celeste anaitwa Nelo. Mume wako amefariki, usimpikie.*

"Daktari aliniambia Februari," alisema. "Jana nimesimama mbele ya Kanisa Kuu, mahali nilipopeleka watu miaka yote hiyo, sikujua nigeukie mkono gani. Nusu ya yaliyo kwenye lile daftari hayamo tena humu." Aligonga paji la uso kwa kidole. "Kwa hiyo usiniambie niandike upya. Litafute."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe. Na huko chini ukimwambia mtu, nitakuita mwongo mbele ya wakubwa wako."

Idalina alishuka.

Mgahawa wa Abílio Farinha ulikuwa na mlango wa kijani na meza nne. Hapakuwa na orodha ya vyakula ukutani wala mezani. Mzee alikuja mwenyewe, akaegemea kiti, akayataja yaliyopo kwa mdomo: sardini, supu ya kabichi, basi. Alikuwa na mikono ya mtu aliyeanza kazi akiwa na miaka saba. Nyuma yake, juu ya chupa, Antonio wake alikuwa amefunikwa taulo la jikoni kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mtakatifu ana nini?"

"Moshi, Inspekta. Sardini zinamchafua."

"Jiko lako liko nje."

"Upepo," Abílio alisema.

Alimuuliza alikuwa wapi saa tatu na nusu. Alikuwa anawasha mkaa. Peke yake? Peke yake. Amesikia kuhusu madaftari? Amesikia, mtaa wote umesikia, ni jambo baya. Alijibu haraka, akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Idalina aliandika maelezo yake, mistari sita. Akaugeuza ukurasa, akausukuma mbele yake pamoja na kalamu.

"Soma, kisha utie saini."

Abílio alijipapasa mifukoni. "Miwani nimeiacha nyumbani."

"Umeivaa shingoni."

Mkono wake ulipanda taratibu, ukaikuta. Aliivaa. Alitazama karatasi kwa muda mrefu, macho yakiwa hayaendi kushoto wala kulia.

"Nimeandika hapo kwamba wewe ni Papa wa Roma," Idalina alisema kwa sauti ya chini. "Na kwamba jana uliruka kwa mabawa. Uko tayari kusaini?"

Mzee aliivua miwani. Akavuta kiti, akakaa.

"Ulichukua yote manne," Idalina alisema, "kwa sababu hukuweza kujua lipi ndilo."

"Yote ni meusi."

"Yako wapi, Mzee Abílio?"

"Kwenye pipa la chumvi. Nimeyafunga kwa plastiki, hayajalowa." Alisema hivyo kama mtu anayejitetea kazini. "Ningeyarudisha Jumamosi. Mbele ya Antonio, ningeyarudisha."

"Ijumaa ikishapita."

"Ndiyo, Ijumaa ikishapita."

"Kwa nini?"

Maneno yakatoka yote kwa pamoja. Bi Zulmira alimwambia wiki iliyopita, huku akicheka, kwamba amemweka kitabuni, ukurasa wa mwisho kabisa. Yeye hakulala. Mgahawa wa ngazi za pili ulitajwa na kitabu kimoja cha watalii miaka miwili iliyopita, na sasa foleni inafika kanisani, na wazee waliokuwa wanacheza karata pale wanakunywa bia yao wamesimama kando ya pipa la taka.

"Mimi nina meza nne, Inspekta. Ile ya dirishani ni yake. Tangu mumewe alipofariki, miaka kumi na moja, anakaa pale saa saba. Wakijaa wale na simu zao, nimweke wapi? Nimwambie apange foleni?"

"Ungemwambia hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Jambo kama hilo mtu analisemaje?"

"Kwa mdomo," Idalina alisema.

Alikwenda kwenye pipa, akachimbua chumvi kwa mikono, akayatoa madaftari. Kielelezo namba moja mpaka namba nne. Alilifungua lile lenye maandishi makubwa juu ya jalada, akaenda ukurasa wa mwisho, akausoma kimya akiwa amesimama. Akausoma mara ya pili. Halafu akaja akakaa mbele ya mzee.

"Sikiliza. Nakusomea."

Akasoma.

"*Huu si wa kupiga chapa. Ukatwe kabla daftari halijatoka. Huu ni wangu. Zulmira, ukitoka mlangoni geuka kushoto. Shika chuma cha ukutani. Ngazi ni kumi na nane. Ya kwanza imevunjika, iruke. Utaona mlango wa kijani. Meza ya dirishani ni yako, usiombe ruhusa. Mwenye mgahawa anaitwa Abílio. Ukimsahau jina usione haya, kaa tu. Anajua hupendi kitunguu.*"

Nje sardini zilianza kuungua. Abílio hakuinuka.

"Soma tena," alisema. "Pale pa jina."

Idalina alisoma tena pale pa jina.

"Tangu lini anasahau?"

"Hilo muulize mwenyewe."

Saa saba Bi Zulmira aliingia, Wouter akiwa nyuma yake ameinama mlangoni. Aliyaona madaftari mezani, akaona chumvi kwenye majalada. Akamwona Abílio amesimama bila aproni, mikono pembeni, kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

"Ni mimi," Abílio alisema. "Niliingia ukiwa Misani. Niliogopa watakuchukulia meza."

Bi Zulmira alipiga daftari kwa kiganja, vumbi la chumvi likaruka. Alimwita mjinga, akamwita punda, akamuuliza kama miaka kumi na moja haikutosha kumjua mtu. Angewezaje kudhani atawapa watu wa kamera mahali pake pa kula? Akamwambia kijana wa watu ameitwa mwizi kwa sababu yake. Abílio alikubali yote. Alikwenda kwa Wouter, akamwomba radhi, akamkalisha, akamwekea sahani ambayo hata mwenye njaa ya siku mbili asingeimaliza.

Idalina alitoa fomu. Kisheria, alieleza, mlalamikaji ana haki ya kufungua mashtaka.

"Nimshtaki huyu," Bi Zulmira alisema, "halafu nani atanipikia?"

Idalina aliikunja fomu. Bi Zulmira alikaa kwenye meza ya dirishani, akafungua daftari la wageni. Lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa wa mwisho. Alimtazama Inspekta, kisha Abílio.

"Umeusoma."

"Nimesomewa."

Hata Wouter aliacha kutafuna.

"Ile ngazi ya kwanza haifai," Abílio alisema hatimaye. Aliongea akitazama sakafu. "Na chuma cha ukutani kimelegea. Usishuke peke yako. Nitapanda mimi. Kila siku, saa saba kasorobo."

Bi Zulmira alinyoosha mkono, na Idalina akaweka kalamu ndani yake. Alikata mstari wa ngazi, akakata wa chuma, akakata wa mlango wa kijani. Jina hakulikata. Chini yake akaandika polepole, akilitamka kila neno kwa sauti ili Abílio naye alisikie:

"*Subiri mlangoni. Anakuja.*"