Uso wa Fidla

Gikomba siku ya Jumamosi haina adabu. Mikokoteni inakusukuma huku, wauza mitumba wanakuvuta kule. Siku hiyo ya mwaka wa tisini na nne, Matheka, mchonga vinyago wa Pumwani, alikuwa akitafuta mbao alipomwona msichana wa gauni la manjano na raba nyeupe. Alikuwa ameinamia mbao za makreti, anazigonga kwa kidole huku ametega sikio.

"Sasa, dada. Unapiga hodi? Ndani kuna nani?"

"Kuna mtu anayetaka unyamaze."

Matheka akanyamaza. Msichana akagonga ubao mmoja, akautupa. Akagonga wa pili, akatabasamu.

"Huo una nini?"

"Una sauti. Ule mwingine ni kuni tu."

Matheka alikuwa akichonga tangu utotoni, na hakuna ubao uliowahi kumsemesha. Hamu ya kujua ikamwasha kama upupu. Akajitolea kuubeba ubao ule hadi Kaloleni, ambako msichana huyo, Nabwire, aliishi na babake, Mzee Masinde, fundi wa fidla aliyerithi kazi kwa babake naye.

Tangu hapo Matheka hakukosa sababu ya kupita Kaloleni jioni. Nabwire akimaliza kusuka watu saluni, alimfunza kupinda mbavu za fidla, zile mbao nyembamba za ubavuni, kwenye bomba la moto. Matheka naye alimchekesha mpaka gundi ikaganda kwenye brashi.

"Umekuja kujifunza au kunitazama?"

"Macho ni mawili, mpenzi. Kila moja na kazi yake."

Kazi moja tu Nabwire alinyimwa: kukwangua uso wa fidla, ule ubao wa juu unaozaa sauti. Hiyo Mzee aliifanya peke yake, mlango umefungwa.

Siku moja Mzee akamwita Matheka ndani, akafunga mlango, akampa kipande cha kioo cha kukwangulia. Matheka alikipokea bila swali, akaanza kukwangua. Mara mlango ukafunguliwa. Nabwire akasimama pale na ufagio mkononi.

"Miaka yote nimefagia vumbi lako, baba." Kisha akamtazama Matheka. "Kumbe macho yote mawili yalikuwa kwa kioo."

Akaondoka. Matheka akawa anapiga simu saluni kwa Phelister, tajiri wa Nabwire, na kila mara anaambiwa Nabwire ana mteja. Hatimaye Nabwire akaishika simu mwenyewe.

"Fundi anataka nini?"

"Nabwire, nilitamani kujua. Tamaa ikanitangulia, sikukufikiria."

"Na umejua?"

"Kukwangua, ndiyo. Kusikia, hapana. Nimemwambia mzee hicho kioo ni chako."

"Akasemaje?"

"Akanifukuza."

Akamsikia akicheka, kisha akivuta kamasi. "Tupatane nyumbani," Nabwire akasema.

Walimkuta Mzee mlangoni, uso umemkunjamana. "Sikujaliwa mtoto wa kiume," alisema. "Binti huolewa. Ufundi wa ukoo wetu ungehamia boma la watu."

Nabwire hakubishana. Alipita, akaketi kwenye kigoda chake, akaushika ule uso wa fidla ambao Matheka aliuacha nusu. Akakwangua kidogo, akausikiliza, akakwangua tena, maranda mepesi yakidondokea gauni lake. Mzee aliupokea, akaupitishia vidole, akaugonga kwa ukucha.

"Nani amekufunza?"

"Ulifunga mlango, baba. Masikio yangu hukuyafunga."

Fidla ilipotiwa nyuzi, Mzee aliipigia barazani. Wanawake wa bombani waliacha ndoo zikafurika. Sauti ilikuwa nzito na tamu, kama mtu anayekuita jina lako la utotoni. Mzee alimwekea binti yake fidla mapajani, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Matheka, ambaye tangu asubuhi alikuwa amepanga maneno mazuri, akayasahau yote.

"Nabwire, nioe!"

Bombani wakaangua kicheko. Mzee akashtuka. "We kijana, mwanamume haolewi!"

"Huyu ataolewa, baba," alisema Nabwire. "Ataolewa hapahapa Kaloleni."